Simu Zinyamazapo: Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Simu za Ofisini

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo ya fundi mmoja wa simu mbele ya makarani, mafundi na wanafunzi wa ufundi mjini Wajir. Twayachapa kwa faida ya wasomaji wetu wote watumiao simu za ofisini, hasa wale walio mbali na miji mikubwa.)



Nimeombwa niseme nanyi habari za mtambo wa simu za ofisini, yaani ule mtambo uunganishao simu za vyumba vyote vya jengo moja, na kuziunganisha pia na ulimwengu wa nje. Nitasema hasa juu ya ugonjwa wa mtambo huo: jinsi ya kuutambua, jinsi ya kuutafuta mahali ulipo, na jinsi ya kuuzuia usirudi.

Najua wapo watakaosema, “Bwana, kila mtu sasa ana simu ya mkononi. Mtambo huo wa nini?” Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza. Simu ya mkononi ni ya mtu, lakini simu ya ofisini ni ya kazi. Karani akihamishwa huondoka na simu yake ya mkononi, lakini ile ya mezani hubaki na nambari yake, na raia aitafutaye ofisi huipata. Tena mtu akiwa langoni aweza kusema na mwenzake aliye katika chumba cha mwisho bila kulipa hata senti moja. Na sisi wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera twajua jambo jingine. Tangu miaka ya 2010 tumepata kuona minara ya simu ikiharibiwa na watu wenye silaha, na miji mizima ikakaa kimya. Siku kama hiyo, mtambo wa ndani ukiwa mzima, hospitali yaweza angalau kusema yenyewe kwa yenyewe.

Sasa nitawasimulia kisa kimoja, nacho ni cha aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiangalia mtambo wa zahanati moja katika nchi hizi kavu. Jina lake silitaji. Ulikuwa na simu za ndani 24. Usiku mmoja mvua ya radi ilinyesha, na asubuhi simu 8 zilikuwa zimekufa, pamoja na ile ya langoni na ile ya chumba cha wazazi. Nilitazama, nikasema upesi, “Kadi imeungua.” Nikaagiza kadi mpya kutoka Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Ilipofika nikaitia, simu zikalia, watu wakanipongeza. Baada ya siku 11 mvua ilinyesha tena, na simu zile zile 8 zikafa tena.

Usiku uliofuata gari lilifika langoni likiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mlinzi akainua simu, hakusikia kitu. Ikambidi akimbie gizani, apite uwanja wote, amtafute mkunga nyumba baada ya nyumba. Mwenyezi Mungu alimhifadhi mama yule na mtoto wake. Lakini mkunga aliponikuta asubuhi hakunisalimu, akaniambia neno moja tu: “Fundi, ulibadilisha kitu gani hasa?” Sikuwa na jibu. Mwisho wa mazungumzo haya nitawaambia jibu lilikuwa nini. Kwanza tuujue mtambo wenyewe.

Kazi ya kuunganisha simu ni ya zamani. Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani mwaka 1876. Mwaka 1878, katika mji wa New Haven, ulifunguliwa ubao wa kwanza wa biashara wa kuunganisha wateja, nao walikuwa 21 tu. Kazi hiyo ilifanywa na mtu kwa mkono wake. Mwaka 1891 Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa ya mazishi, alipewa hati ya mtambo ujiunganishao wenyewe. Husimuliwa kwamba alimshuku mwunganishaji simu wa mji wake kuwa akiwapelekea washindani wake wateja wake. Mwaka 1892 mtambo wa namna yake ulianza kazi katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Katika nchi yetu wazee hukumbuka enzi za Posta na Simu: kwanza shirika la Afrika ya Mashariki hadi mwaka 1977, kisha shirika la Kenya hadi mwaka 1999, ambapo kazi za posta na za simu zilitenganishwa.

Mitambo ya kale ilikuwa na vyuma vilivyopanda na kushuka, na fundi aliweza kusikia kwa masikio yake kipi kimekwama. Mtambo wa leo haupigi kelele, ila feni yake tu. Lakini ukiufungua utaona sehemu chache ambazo kila fundi hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kisanduku cha umeme, kipokeacho umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mdogo wa kufaa mtambo. Ya pili ni betri, zishikazo kazi umeme ukikatika. Ya tatu ni kadi kuu, ambayo ndiyo akili ya mtambo. Ya nne ni kadi za laini za nje. Ya tano ni kadi za simu za ndani, ambazo kila moja kwa kawaida huhudumia simu 8 au 16. Ya sita ni ubao wa kuunganishia nyaya, uliopo ukutani karibu na mtambo, ambapo nyaya za kadi hukutana na nyaya za vyumbani. Ya saba ni nyaya zenyewe, na ya nane ni simu iliyo mezani.

Angalieni jinsi zinavyofuatana. Ni kama maji ya kisima: kuna kisima, kuna kamba, kuna ndoo, kuna hori la kunyweshea. Ngamia wasipopata maji, mtu mwenye busara haanzi kuchimba kisima kipya. Kwanza hutazama kama ndoo imetoboka.

Mtambo ukiletwa Wajir hukutana na adui watano. Adui wa kwanza ni joto. Mitambo mingi hutengenezwa ifanye kazi katika joto lisilozidi digrii 40. Hapa kwetu mchana wa digrii 35 si jambo la ajabu, na mtambo ukifungiwa katika kabati la chuma, chini ya paa la mabati, hupita kiasi hicho upesi. Adui wa pili ni vumbi, lijazalo feni na kulala juu ya kadi kama blanketi, joto lisipate pa kutokea. Adui wa tatu ni umeme usiotulia: kupanda, kushuka, kukatika, na kurudi kwa kishindo. Adui wa nne ni radi ya majira ya Gu na Deyr. Adui wa tano ni wadogo, nao ni panya wakatao nyaya, mchwa wajengao udongo ndani ya mabomba ya nyaya, na chungu waingiao katika visanduku vya ukutani.

Sasa twende katika kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza ni hii: kabla hujagusa kitu, uliza. Bisibisi ikae mfukoni. Uliza maswali matatu. Je, ni simu moja iliyokufa, au kundi, au zote? Ilianza lini? Na kabla haijaanza kulitokea nini: mvua, umeme kukatika, jenereta kuwashwa, mwashi kuchimba, au meza kusogezwa? Mtu wa kukujibu si mkubwa wa ofisi peke yake. Muulize mfagiaji, muulize mlinzi, maana wao ndio waliokuwapo.

Swali la kwanza hukata kazi yako nusu. Ikiwa simu moja tu imekufa, ugonjwa uko katika simu hiyo, au waya wake, au mlango wake mmoja katika kadi. Ikiwa kundi limekufa, nalo ni la kadi moja, shuku kadi hiyo au kile kilichoidhuru. Ikiwa kundi si la kadi moja bali ni la nyumba moja, shuku kebo iendayo nyumba ile. Ikiwa zote zimekufa, shuku umeme au kadi kuu. Na ikiwa za ndani zasemezana lakini hazitoki nje, shuku laini za nje.

Kanuni ya pili: kata njia katikati. Ninyi mliokulia machungani mwajua jinsi ngamia aliyepotea atafutwavyo. Mtafutaji hazunguki pori lote. Huenda penye nyayo za mwisho zilizo wazi, akaanzia hapo. Basi katika simu, mahali penye nyayo ni ule ubao wa kuunganishia nyaya. Ondoa waya uendao chumbani, kisha unganisha simu nzima, uliyoijaribu mahali pengine, upande wa kadi. Ukisikia mlio, mtambo ni mzima, na ugonjwa uko njiani au chumbani. Usiposikia, ugonjwa uko upande wa mtambo. Kwa tendo hilo moja la dakika mbili umejiepusha na kazi ya siku nzima.

Tuseme ugonjwa uko njiani. Chukua mita ya kupimia umeme. Waya ukiwa umetengwa na kadi, na simu ya chumbani imeondolewa, pima baina ya nyaya mbili. Mita yapasa kuonyesha kwamba hapana njia kabisa. Ikionyesha njia, nyaya zimegusana mahali fulani, au maji yameingia katika kiungo. Kisha pima kila waya na ardhi, hapo pia pasiwe na njia. Baadaye mwambie mwenzako aziunge nyaya mbili pamoja kule chumbani, nawe upime tena. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita, kwenda na kurudi, huwa na ukinzani wa karibu omu 18 kwa kila mita 100 za njia. Ikiwa chumba kiko mita 200, tazamia omu 36 hivi. Ukipata 300, kuna kiungo kibovu, na hicho ndicho kiletacho mikwaruzo na sauti za kukatika-katika. Ukikosa njia kabisa, waya umekatika.

Katika nchi yetu viungo huharibika upesi kwa sababu ya chumvi. Maji ya visima vingi vya Wajir ni ya chumvi, nasi huyatumia kukorogea saruji, kufulia na kuoshea sakafu. Maji hayo yakikifikia kiungo kilichofungwa kwa mkono na utepe tu, shaba hugeuka kijani na simu huanza kukwaruza. Kwa hiyo usifunge kiungo sakafuni. Kifunge juu ukutani, ndani ya kisanduku, na kwa viungio vyenye mafuta ya kuzuia maji.

Tuseme sasa ugonjwa uko upande wa mtambo, nao ni wa mlango mmoja. Pima umeme wa mlango ule na wa jirani yake aliye mzima. Mitambo mingine hutoa volti 24 na mingine 48, kwa hiyo jirani ndiye shahidi wako bora. Mlango ukiwa umekufa, na kadi ina mlango mwingine usiotumika, mhamishie mteja huko, uandike daftarini. Lakini kumbuka hatari moja: simu inapolia, nyaya zake hubeba umeme wa volti 75 hadi 90. Hauui kwa kawaida, lakini waweza kukutupa kutoka juu ya ngazi.

Ikiwa kadi nzima imelala, usikimbilie kuagiza nyingine. Soma kwanza kitabu cha mtambo kuona kama kadi yaweza kutolewa umeme ukiwaka. Kama hakikusema waziwazi, zima mtambo. Kisha jigusishe na chuma cha mtambo kilichounganishwa na ardhi, au uvae mkanda wa mkononi wa mafundi. Hewa ya Jilaal ni kavu mno, na nguo na zulia hutia mwilini umeme usiouona, wa maelfu ya volti, uwezao kuua kadi bila wewe kusikia hata kidogo. Toa kadi, pangusa meno yake kwa brashi laini na dawa ya kusafishia vyombo vya umeme, uirudishe imara. Mara nyingi hupona hapo hapo, maana joto la mchana na baridi ya usiku huvitanua na kuvibana vyuma hata kadi ikalegea. Isipopona, itie katika nafasi ya kadi nyingine nzima ya aina ile ile. Ugonjwa ukiifuata kadi, kadi ni mbovu. Ukibaki katika nafasi, kadi haina kosa.

Na mtambo wote ukiwa umekufa? Anza ukutani. Je, tundu la umeme lina umeme? Fyuzi iko nzima? Swichi haikuzimwa na mtu aliyekuwa akifagia? Msicheke, maana nimesafiri siku nzima kwa ajili ya swichi. Kisha pima umeme unaotoka katika kisanduku cha umeme, uulinganishe na ulioandikwa juu yake. Ukiwa chini, au ukipanda na kushuka, kisanduku chaumwa. Usikifungue kama hukufundishwa, kwa sababu ndani yake mna vyombo vishikavyo umeme hata baada ya kuzimwa. Badilisha chote.

Betri nazo zina siri yao. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha karibu volti 12.7. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Betri mbovu yaweza kuonyesha 12.7 ikiwa imekaa, na ikipewa kazi ikaanguka mara moja. Kwa hiyo zijaribu kazini: ondoa umeme wa ukutani wakati ambao ofisi haina shughuli, uhesabu dakika mtambo unazodumu. Tena fahamuni kwamba maisha ya betri hizi huhesabiwa kwa joto la digrii 25, na kwa kila digrii 10 zaidi maisha hayo hupungua karibu nusu. Betri ambayo mahali pa baridi ingedumu miaka minne, katika chumba cha digrii 35 itadumu miwili. Ukiona imevimba tumbo, usiichaji tena. Itoe siku hiyo hiyo, na usiitupe ambapo mbuzi au watoto watafika, kwa maana ina risasi na asidi.

Ikiwa laini za nje ndizo zilizonyamaza, itenge laini mahali iingiapo jengoni, na uunganishe simu ya kawaida moja kwa moja. Laini ya shaba iliyo nzima huonyesha karibu volti 48 simu ikiwa chini, na simu ikiinuliwa hushuka hata volti 6 au 10 hivi. Ukisikia mlio hapo, ugonjwa ni wako, rudi ndani. Usiposikia, mpelekee habari mwenye kampuni ya simu, umwambie hesabu ulizopima. Fundi atoaye hesabu husikilizwa upesi kuliko alalamikaye.

Huenda kijana mmoja ataniambia, “Mzee, ofisi yetu ina mtambo mpya, simu zake hupita katika nyaya za kompyuta.” Vema, mwanangu, lakini njia ya kutafuta ni ile ile. Simu ya namna hiyo hupata umeme wake, karibu volti 48, kwa waya ule ule uletao sauti, kutoka katika kisanduku cha kugawia. Kisanduku kikifa, simu zake zote hufa pamoja, kama vile kadi. Waya wake usizidi mita 100, na wengi wetu, kwa kuwa majengo yetu yametawanyika uwanjani, huvuta mita 130 na kustaajabu kwa nini sauti yakatika. Peleka simu ile karibu na kisanduku, uiunganishe kwa waya mfupi. Ikisema vizuri, mbaya ni waya.

Sasa nawarudisha kwenye zahanati ile, na kwenye swali la mkunga. Baada ya kadi ya pili kufa niliketi mbele ya ubao wa nyaya, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza. Sikuuliza tena “Ni kitu gani kimeungua?” Niliuliza “Kwa nini kimeungua?” Katika ubao ule mlikuwa na vikinga-radi vidogo, kimoja kwa kila laini. Kazi yake ni kuupokea umeme wa radi uingiapo kwa waya na kuutupa ardhini kabla haujafika katika kadi. Vyote vilikuwa vizima. Nikafuata waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mistari ya manjano, utokao ubaoni kwenda nje. Ukapita nyuma ya kabati, ukafika ukutani, ukaingia katika plasta mpya. Nikatoka nje kuutazama upande wa pili. Haukuwako. Mwashi aliyetengeneza ukuta miezi mitatu kabla aliuona umemzuia, akaukata, akapiga plasta, na mchoraji akapaka rangi safi juu yake.

Basi vikinga-radi vyangu vilikuwa kama mtaro usio na pa kumwagia maji. Radi iliingia kwa kebo iliyotambaa uwanjani hadi langoni, haikupata njia ya kwenda ardhini, ikapitia katika kadi. Kadi ya pili ingefuatwa na ya tatu na ya nne. Waya wa mita sita na msumari wa shaba ulikuwa ndio dawa. Ningeupata siku ya kwanza kama ningemuuliza mfagiaji, kwa maana yeye alimwona mwashi akiukata.

Kwa hiyo, juu ya waya wa ardhi nawausia mambo manne. Kwanza, uwe wazi kuonekana, usifichwe ndani ya ukuta, na mahali pake paandikwe: “Usikate.” Pili, upimwe kila mwaka, nao upimwe wakati wa Jilaal, ardhi ikiwa imekauka kabisa. Ukiupima wakati wa mvua utakudanganya. Mafundi wengi hutaka ukinzani usiozidi omu 5, na katika ardhi kavu nguzo moja haitoshi, hivyo huongezwa nyingine, mbali na ya kwanza kwa urefu wa nguzo au zaidi. Tatu, nguzo isiwe ya chuma kitupu, maana ardhi yenye chumvi hupitisha umeme vizuri lakini hula chuma. Tumia iliyovikwa shaba, na skrubu zake zikazwe. Nne, ardhi ya simu na ardhi ya umeme wa jengo ziunganishwe pamoja, zisiwe mbili zisizojuana, la sivyo radi itatafuta njia baina yake, na njia hiyo itakuwa mtambo wako. Hata hivyo msifikiri kwamba kuna kinga ya kuzuia radi ipigayo jengo lenyewe kwa nguvu zote. Wingu likinguruma, usiguse nyaya. Kazi itangoja.

Neno la mwisho ni la daftari. Kila mtambo uwe na daftari lake, lisilotoka chumbani. Andikeni tarehe, ugonjwa, mlichopima, mlichobadilisha, na jina la aliyefanya. Bandikeni ukutani orodha ya kila simu, chumba chake, na mlango wake katika kadi. Wekeni akiba ya vitu vichache: kadi moja ya simu za ndani, kisanduku kimoja cha umeme, vikinga-radi kumi, na simu moja ya kujaribia. Hifadhini nakala ya mipango ya mtambo katika kompyuta mbali na mtambo wenyewe, na betri ndogo iliyo juu ya kadi kuu ibadilishwe kabla haijaisha, ili mtambo usisahau kila kitu umeme ukikatika. Na kila mwezi feni zipulizwe vumbi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Feni iliyoziba leo huwa kadi kuu iliyoungua mwakani.

Vijana, fundi akiitwa kutoka Nairobi, ofisi hulipa nauli, hulipa malazi, na hulipa siku zote za kungoja. Katika siku hizo za kungoja kuna mtu langoni mwenye mgonjwa mikononi. Kazi hii haihitaji mtu wa mbali. Yahitaji mtu wa hapa, mwenye mita, daftari, na subira ya kuuliza kabla ya kufungua.

Mkunga yule nilimwendea jioni ile, nikamwambia ukweli: “Mama, nilibadilisha kilichoungua, sikutafuta kilichokiunguza.” Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nikainue simu ya langoni, nipige chumba cha wazazi. Nikapiga. Akaipokea mwenyewe, akasema, “Nakusikia.”

Mwenye swali na aulize.